Hoteli ya Stesheni ya Tokyo: Malazi Ndani ya Urithi wa Taifa Ulionusurika Kubomolewa

Na Mwandishi Wetu

Msafiri anayeshuka kwenye treni katika Stesheni Kuu ya Tokyo, nchini Japani, akatokea upande wa Marunouchi unaotazama Kasri la Mfalme, hukutana na jengo refu la matofali mekundu lenye mistari ya mawe meupe na makuba mawili makubwa, moja kila upande. Chini hupita mamia ya maelfu ya abiria kila siku. Juu ya vichwa vyao, ndani ya kuta hizo hizo, wapo wageni waliolala. Hiyo ndiyo Hoteli ya Stesheni ya Tokyo, iliyofunguliwa mwaka 1915 na ambayo hadi leo inahesabiwa miongoni mwa hoteli za kifahari zinazoheshimika zaidi katika jiji hilo.

Makala hii inaeleza historia ya hoteli hiyo, namna jengo lake lilivyoponea chupuchupu kubomolewa, jinsi gharama za ukarabati zilivyopatikana, na mambo ambayo mwananchi anayekusudia kulala hapo au kulitembelea jengo hilo anapaswa kuyafahamu.

Chimbuko la stesheni na hoteli

Ujenzi wa Stesheni ya Tokyo ulianza mwaka 1908 na stesheni ikafunguliwa rasmi tarehe 20 Desemba, 1914. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mwaka huo una kumbukumbu yake: ndio mwaka ambao Reli ya Kati, iliyojengwa wakati wa utawala wa Wajerumani, ilifika Kigoma kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika.

Msanifu wa jengo la Tokyo alikuwa Tatsuno Kingo, aliyezaliwa mwaka 1854 na kufariki dunia mwaka 1919. Alikuwa miongoni mwa Wajapani wa kwanza kusomea usanifu wa majengo wa kisasa, akifundishwa na Mwingereza Josiah Conder. Kabla ya stesheni hiyo, tayari alikuwa amesanifu makao makuu ya Benki ya Japani yaliyokamilika mwaka 1896. Kazi aliyopewa safari hii ilikuwa kubwa zaidi: kuijengea Japani lango la reli litakaloliunganisha jiji kuu na nchi nzima, mbele ya makazi ya Mfalme.

Tatsuno alijenga jengo la ghorofa tatu lenye urefu wa mita 335, likiwa na mifupa ya chuma iliyozungushiwa matofali. Kwa kuwa ardhi ya eneo hilo ni laini, msingi uliwekwa juu ya nguzo za mti wa msonobari zaidi ya 10,000 zilizopigiliwa chini. Upande wa kaskazini na wa kusini aliweka kumbi za abiria zenye makuba. Katikati palitengwa lango la matumizi ya familia ya kifalme.

Hoteli ilifunguliwa tarehe 2 Novemba, 1915, ndani ya jengo hilo hilo, na uendeshaji wake ukakabidhiwa kwa Tsukiji Seiyoken, kampuni iliyokuwa na sifa ya kuandaa vyakula vya Kizungu. Mwaka 1933 uendeshaji ulichukuliwa na Wizara ya Reli. Wazo la kuweka hoteli ndani ya stesheni lilikuwa la kawaida katika enzi ambayo safari ya mbali ilimaanisha safari ya treni. Mgeni aliyefika usiku, au aliyetakiwa kuondoka alfajiri, hakuhitaji kutafuta gari la farasi wala mchukuzi wa mizigo. Alipanda ngazi tu.

Mtikisiko, damu na moto

Tarehe 1 Septemba, 1923, tetemeko kubwa la ardhi liliikumba Tokyo na Yokohama na kuua zaidi ya watu 100,000, wengi wao kutokana na moto uliofuata. Mtaa kwa mtaa uliteketea, lakini jengo la stesheni lilibaki limesimama bila madhara makubwa. Mifupa ya chuma ya Tatsuno ilikuwa imefaulu mtihani wake.

Stesheni hiyo pia ilishuhudia misiba ya kisiasa. Waziri Mkuu Hara Takashi aliuawa kwa kuchomwa kisu katika lango la kusini tarehe 4 Novemba, 1921. Waziri Mkuu Hamaguchi Osachi alipigwa risasi akiwa stesheni hapo tarehe 14 Novemba, 1930, akajeruhiwa vibaya na kufariki dunia mwaka uliofuata. Alama ndogo zilizowekwa sakafuni, pamoja na maelezo mafupi ukutani, zinaonesha mahali matukio hayo yalipotokea. Abiria wengi huzikanyaga bila kuziona.

Pigo kubwa zaidi kwa jengo lenyewe lilikuja usiku wa tarehe 25 Mei, 1945, wakati ndege za Marekani zilipolishambulia jiji kwa mabomu ya moto. Paa, makuba yote mawili na sehemu kubwa ya ghorofa ya tatu viliteketea. Kuta za matofali hazikuanguka.

Vita vilipokwisha, nchi haikuwa na fedha wala vifaa vya kulirudisha jengo katika hali yake ya awali. Matengenezo yaliyokamilika mwaka 1947 yaliondoa mabaki ya ghorofa ya tatu, na badala ya makuba ya duara yakawekwa mapaa ya pembe nane. Yalikusudiwa kuwa ya muda, lakini yalidumu kwa miaka 60. Wakazi wengi wa Tokyo walizaliwa, wakakua na kuzeeka wakiamini kwamba hiyo ndiyo sura halisi ya stesheni yao. Hoteli ilifunguliwa tena mwaka 1951.

Hoteli katika fasihi

Katika miaka iliyofuata vita, hoteli hiyo ilipendwa na waandishi. Kawabata Yasunari, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 1968, alikaa hapo mwaka 1956 akiandika. Edogawa Ranpo, mwandishi mashuhuri wa hadithi za upelelezi, aliitumia hoteli hiyo kama mandhari katika kazi yake.

Anayekumbukwa zaidi ni Matsumoto Seicho, ambaye aliandika riwaya ya upelelezi inayojulikana kwa jina la *Ten to Sen*, yaani "Nukta na Mistari", iliyochapishwa kwa mfululizo kuanzia mwaka 1957. Kiini cha riwaya hiyo ni ratiba ya treni. Kuna dakika nne tu kwa siku ambazo mtu aliyesimama kwenye jukwaa namba 13 la Stesheni ya Tokyo anaweza kuliona jukwaa namba 15 bila treni kumziba. Mwandishi huyo alikuwa mgeni wa mara kwa mara wa hoteli, katika vyumba ambavyo wakati ule vilitazama majukwaa, na hoteli imeendelea kuitunza kumbukumbu yake.

Jengo latakiwa kubomolewa

Kufikia miaka ya 1970 na 1980, eneo la Marunouchi lilikuwa limegeuka kitovu cha benki na makampuni makubwa, na thamani ya ardhi yake ilikuwa miongoni mwa za juu kabisa duniani. Katikati ya eneo hilo lilikuwapo jengo la ghorofa mbili, lililochakaa na kuezekwa mapaa ya muda, likimilikiwa na Shirika la Reli la Taifa lililoelemewa na madeni. Wazo la kulibomoa na kujenga jengo refu la kisasa mahali pake lilijadiliwa kwa uzito mkubwa. Kwa hesabu za kibiashara, hoja hiyo ilikuwa na nguvu.

Mwezi Aprili 1987 shirika hilo lilibinafsishwa na kugawanywa, na stesheni ikawa chini ya Kampuni ya Reli ya Japani Mashariki, inayojulikana kama JR East. Mwaka huo huo wananchi walianzisha jumuiya ya kulitetea jengo. Walikuwamo waandishi, wasanii, wasanifu na wakazi wa kawaida wa jiji. Walikusanya maelfu ya saini, wakaitisha mikutano na kuwasilisha maombi yao kwa mamlaka. Hoja yao haikuwa ngumu: jiji lililoteketea mara mbili ndani ya miaka 25, kwa tetemeko na kwa vita, lilikuwa na majengo machache mno yaliyobaki ya kuwaonesha watoto.

Msimamo wa wahusika ulibadilika hatua kwa hatua. Mwaka 1999 JR East na Serikali ya Jiji la Tokyo ziliafikiana kwamba jengo lisihifadhiwe tu, bali lirudishwe katika sura yake ya mwaka 1914. Mwaka 2003 Serikali ya Japani ililitangaza kuwa Mali Muhimu ya Utamaduni kwa mujibu wa sheria ya kulinda mali za utamaduni ya mwaka 1950.

Fedha zilizopatikana hewani

Lilibaki swali la gharama. Kazi hiyo ilihitaji takriban yen bilioni 50. Namna fedha hizo zilivyopatikana ndiyo sehemu ya habari hii inayostahili kusomwa kwa makini na kila anayehusika na mipango miji.

Katika miji mingi, sheria ya ujenzi huweka ukomo wa ukubwa wa jengo kwa kulinganisha jumla ya eneo la sakafu za ghorofa zote na ukubwa wa kiwanja. Kiwanja cha Stesheni ya Tokyo kiliruhusiwa kubeba jengo kubwa kupita kiasi, lakini jengo la Tatsuno lilitumia sehemu ndogo tu ya ruhusa hiyo. Sehemu iliyobaki ilikuwa haki tupu, isiyoonekana kwa macho, ya kujenga juu angani.

Mwaka 2000 sheria ilirekebishwa ili kuruhusu haki hiyo isiyotumika ihamishwe kutoka kiwanja kimoja kwenda kingine ndani ya eneo maalumu, hata kama viwanja hivyo havipakani. Mwaka 2002 eneo la Otemachi, Marunouchi na Yurakucho likatangazwa kuwa eneo la aina hiyo. JR East ikaihamishia haki yake kwenye viwanja vya jirani, vikiwamo vya majengo marefu yaliyojengwa upya kuizunguka stesheni, na wamiliki wa majengo hayo wakalipa ili kuongeza ghorofa zao. Malipo hayo ndiyo yaliyogharimia ukarabati.

Matokeo yake yanaonekana kwa yeyote anayesimama katika uwanja ulio mbele ya stesheni. Majengo marefu ya vioo yamelizunguka jengo jekundu kila upande, na kila moja lililopokea haki hiyo linabeba sehemu ya urefu ambao stesheni ilikubali kutokuwa nao.

Kazi ya miaka mitano, treni zikiendelea kupita

Hoteli ilifungwa mwishoni mwa Machi 2006 na ujenzi ukaanza mwaka 2007, ukiongozwa na kampuni ya Kajima. Stesheni haikufungwa. Abiria waliendelea kupita kila siku huku mafundi wakifanya kazi juu na chini yao.

Kazi ya chini ndiyo iliyokuwa ya hatari zaidi. Uzito wote wa jengo ulihamishwa kutoka kwenye msingi wa zamani wa nguzo za msonobari na kubebwa kwa muda na nguzo za chuma. Kisha udongo ukachimbwa na ghorofa mbili mpya zikajengwa chini ya ardhi. Kati ya ghorofa hizo mpya na jengo la zamani viliwekwa vitako 352 vya mpira na vidhibiti mtikisiko 158 vinavyotumia mafuta. Tetemeko likitokea, vifaa hivyo hupunguza nguvu ya mtikisiko kabla haijazifikia kuta za matofali. Kwa njia hiyo, jengo liliimarishwa bila kuta zake za kihistoria kufunikwa kwa zege.

Kazi ya juu ilihitaji elimu ya aina nyingine. Ghorofa ya tatu na makuba vilijengwa upya kwa kufuata picha na michoro ya zamani pamoja na mabaki yaliyopatikana. Viungio vya katikati ya matofali ya Tatsuno vilikuwa na umbo la nusu duara lililotokeza nje, ufundi ambao ulikuwa umekaribia kutoweka. Mafundi walilazimika kujifunza upya, wakitengeneza zana zao na kufanya majaribio kabla ya kugusa ukuta wenyewe.

Ndani ya kila kuba yalirudishwa mapambo ya tai wanane waliokunjua mabawa, pamoja na sanamu za wanyama wa kalenda ya Kiasia. Kalenda hiyo ina wanyama 12, lakini kuba lina pembe nane, hivyo wapo wanane tu: ng'ombe, chui milia, dragoni, nyoka, kondoo, nyani, mbwa na nguruwe. Mwaka 2013 wanyama wanne waliokosekana, yaani panya, sungura, farasi na jogoo, walitambuliwa kwenye dari la lango la chemchemi za maji moto la Takeo, mkoani Saga, ambalo pia lilisanifiwa na Tatsuno. Iwapo msanifu huyo aliwagawa kwa makusudi au la, hakuacha maandishi yanayoeleza.

Mawe ya paa yaliyotoka kwenye tope

Tarehe 11 Machi, 2011, ukarabati ukiwa unaelekea ukingoni, tetemeko na tsunami viliikumba pwani ya kaskazini mashariki mwa Japani. Miongoni mwa sehemu zilizosombwa ni Ogatsu, katika mji wa Ishinomaki mkoani Miyagi, mahali panapojulikana kwa mawe meusi bapa yanayotumika kuezekea na kutengenezea vidau vya wino. Mawe yaliyokusudiwa kwa paa la Stesheni ya Tokyo yalikuwa huko, na maji yakayapitia.

Mwanzoni ilionekana kwamba mawe kutoka nje ya nchi yangelazimika kutumika badala yake. Lakini watu wa Ogatsu, ambao wengi wao walikuwa wamepoteza nyumba na ndugu, waliyachambua mawe hayo kutoka kwenye vifusi na tope, wakayaosha moja baada ya jingine ili kuondoa chumvi na uchafu. Maombi yalitolewa kwamba yatumike, na yakakubaliwa. Makumi ya maelfu ya vipande hivyo yalipelekwa Tokyo na kuezekwa kwenye sehemu ya paa, huku mawe mengine yakitoka Hispania.

Stesheni ilikamilika na kufunguliwa tarehe 1 Oktoba, 2012. Siku mbili baadaye, tarehe 3 Oktoba, hoteli ikapokea wageni wake wa kwanza baada ya zaidi ya miaka sita.

Kulala ndani ya stesheni

Hoteli ya sasa ina vyumba 150, vingi vikiwa katika ghorofa ya pili na ya tatu kwa hesabu ya Kijapani, ambayo huanza kuhesabu ghorofa ya kwanza ardhini. Kwa kuwa jengo ni refu na jembamba, vyumba vimepangwa kwenye ujia wenye urefu wa zaidi ya mita 300. Mgeni aliyepangiwa chumba cha mwisho hutembea mwendo unaokaribia urefu wa viwanja vitatu vya mpira wa miguu vilivyounganishwa kwa ncha, kwenye zulia linalomeza sauti ya nyayo. Kutani zimetundikwa picha, michoro na ramani zinazosimulia historia ya stesheni, hivyo matembezi hayo ni kama kupita ndani ya jumba la makumbusho.

Vyumba vinatofautiana kulingana na kile ambacho dirisha linatazama. Vipo vinavyoelekea Kasri la Mfalme na barabara pana yenye miti iliyo mbele ya stesheni. Vipo vinavyotazama ndani ya makuba, ambapo mgeni akifungua pazia huwaona tai wa plasta mbele yake na, chini kabisa, umati wa abiria ukipita kwenye malango ya tiketi. Usiku wa manane, baada ya treni ya mwisho kuondoka, ukumbi huo hubaki mtupu hadi treni za alfajiri zinapoanza tena. Ni wageni wa vyumba hivyo pekee wanaoiona saa hiyo ya utulivu katika mojawapo ya stesheni zenye pilikapilika zaidi duniani. Vipo pia vyumba vya ngazi mbili, na vyumba vya hadhi ya juu kwa wageni mashuhuri.

Kifungua kinywa kwa wageni waliolala huandaliwa katika ukumbi ulio chini ya paa, sehemu ya kati ya jengo, mahali palipokuwa dari tupu. Ukumbi huo una kimo cha mita tisa, mwanga wa jua huingia kupitia vioo vya paa, na ukuta wa matofali ya mwaka 1914 umeachwa wazi. Vyakula vya Kijapani na vya Kizungu huwekwa mezani, kila mtu akijipakulia. Aidha, hoteli ina migahawa na baa kadhaa zinazopokea pia watu wasiolala hapo.

Kwa kuwa jengo ni mali ya urithi, mgeni asitarajie mpangilio uliozoeleka katika hoteli mpya. Baadhi ya vyumba vina maumbo yasiyo ya kawaida kutokana na kuta za zamani, na umbali kutoka mapokezi ni mrefu. Hoteli pia haina mandhari ya juu ya jiji, kwa kuwa haki ya kwenda juu iliuzwa ili jengo libaki.

Kwa asiyelala hotelini

Bei ya chumba ni kubwa na haiwezi kumuduliwa na kila mtu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya urithi huo iko wazi kwa umma. Kumbi za makuba, kaskazini na kusini, ni njia za abiria na hazina kiingilio. Uwanja wa mbele ya stesheni, uliokamilika mwaka 2017, ni mahali pazuri pa kulitazama jengo zima, hasa jioni taa zinapowashwa.

Ndani ya jengo lipo pia Jumba la Sanaa la Stesheni ya Tokyo, lililoanzishwa mwaka 1988, ambalo huonesha kazi za sanaa kwa kiingilio. Kuta zake ni matofali ya awali yasiyopakwa chokaa. Katikati ya matofali hayo vipo vipande vya mbao vilivyogeuka makaa kwa moto wa mwaka 1945. Vimeachwa hivyo hivyo.

Mabalozi na lango la kati

Stesheni hiyo ina nafasi pia katika itifaki ya Serikali ya Japani. Balozi mpya anapokwenda kuwasilisha hati zake za utambulisho kwa Mfalme, hupewa hiari ya kwenda kwa gari la kawaida au kwa gari la kukokotwa na farasi. Msafara wa farasi huanzia mbele ya lango la kati la Stesheni ya Tokyo, upande wa Marunouchi, na kuelekea kasrini. Utaratibu huo unawahusu mabalozi wa nchi zote, wakiwamo wa nchi za Afrika Mashariki, na wananchi waliopo eneo hilo huruhusiwa kusimama kando ya barabara na kuutazama.

Taarifa muhimu kwa msafiri

Wananchi wanaokusudia kusafiri wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

- Raia wa Tanzania na Kenya wanahitaji viza kabla ya kuingia Japani. Maombi hupelekwa kupitia ubalozi wa Japani katika nchi husika.

- Kutoka Uwanja wa Ndege wa Narita ipo treni ya moja kwa moja hadi Stesheni ya Tokyo, mwendo wa takriban saa moja. Uwanja wa Haneda uko karibu zaidi.

- Anayefika kwa treni atafute lango la kusini la Marunouchi. Upande wa pili wa stesheni, unaoitwa Yaesu, uko mbali na mlango wa hoteli, na kuvuka ukiwa na mizigo huchukua muda.

- Hoteli za Japani huchukua nakala ya pasipoti ya mgeni wa kigeni asiye na makazi nchini humo.

- Jiji la Tokyo hutoza kodi ya malazi, ambayo huongezwa kwenye ankara ya hoteli.

- Umeme wa Japani ni wa volti 100, na soketi zake ni za pini mbili bapa. Vifaa vya umeme kutoka Afrika Mashariki huhitaji adapta, na vile visivyohimili volti hiyo visitumike.

- Kutoa bahshishi si desturi ya Japani, na mhudumu anaweza kuikataa kwa heshima.

- Treni za mwendokasi kwenda Kyoto, Osaka na miji ya kaskazini huanzia stesheni hapo. Safari ya Kyoto huchukua takriban saa mbili na robo.

Funzo kwa nchi zenye reli za zamani

Nchi za Afrika Mashariki zinajenga reli mpya wakati bado zina majengo ya reli yaliyojengwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Jengo la stesheni ya Kigoma, la umri unaokaribiana na lile la Tokyo, lingali limesimama. Mazingira ya nchi hizi si sawa na ya Tokyo, na haki ya kujenga angani haina thamani ile ile katika kila mji.

Hata hivyo, mambo matatu yaliyoliokoa jengo la Tokyo yanaeleweka popote. Wananchi walisema mapema, kabla mashine za kubomoa hazijafika. Sheria ikabadilishwa ili uhifadhi usiwe hasara kwa mmiliki. Jengo nalo likabaki na kazi ile ile lililojengewa. Zaidi ya miaka 100 baadaye, abiria bado wanapita chini ya makuba, na juu yao mgeni aliyefika kwa treni ya usiku bado anapanda ngazi tu na kulala.